Chumvi Kwanza: Mwaka wa Kufufua Peugeot 504 Uani Kwetu Tudor

Mwaka mmoja umetimia tangu Peugeot 504 ya mjomba ivutwe kutoka Mikindani ikaletwa uani kwetu Tudor, zote mitaa ya Mombasa, na bado haijapakwa rangi. Viti havimo. Taa za nyuma zimo katonini, chini ya kitanda changu. Anayepita langoni huona bodi ya kijivu imekalia magogo, akaniambia pole. Mimi humjibu kuwa sijawahi kupata mwaka wa kazi iliyoninogea namna hii, na ninamaanisha. Nimeamua kueleza kilichofanyika kwa sababu wako wengi hapa pwani wenye gari la baba au la babu lililolala chini ya mti. Wanatamani kulifufua, na ushauri wanaoupata ni wa watu wa bara: shusha injini, ipige ovahoo, gari liwake, mengine yatafuata. Kwa Mombasa ushauri huo haufai. Hapa kinachotangulia ni chumvi. Usipoishughulikia mwanzo, utajikuta na injini nzima ndani ya gari linalooza.

Gari lenyewe ni steshenwagoni ya safu tatu za viti, ile ambayo watu wa umri wa mama yangu wanaikumbuka ikibeba abiria wa masafa kabla ya matatu za Nissan kuzagaa barabarani. Ina injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1971 na giaboksi ya gia nne. Aina hii ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa gari bora la mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na zaidi ya milioni tatu ziliundwa. Hapa Kenya zimewahi kuunganishwa kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, Miritini, na mjomba hujivunia jambo hilo. Kwake yeye gari hili ni mzaliwa wa Mombasa. Ukimpa nafasi atakueleza jinsi Ove Andersson alivyoshinda Safari Rally mwaka 1975 kwa 504, na jinsi Jean-Pierre Nicolas alivyorudia ushindi huo mwaka 1978 kwa ile ya milango miwili yenye silinda sita. Nambari yake ya usajili ni ya herufi tatu na tarakimu tatu, haina herufi ya mwisho, kwa hiyo ni ya kabla ya mwaka 1989. Bamba hilo nimelisafisha kwa mkono na silibadilishi.

Habari ya logibuku, hati ya umiliki wa gari, niimalize upesi. Mjomba yu hai, kwa hiyo alihamisha umiliki mwenyewe kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kama mwenye gari amefariki, msiguse spana kabla ya kumaliza mambo ya mirathi mahakamani, na kwa Waislamu hilo laweza kupelekwa Mahakama ya Kadhi. Nimeona familia mbili za mtaani kwetu zikitia pesa kwenye gari ambalo warithi hawajakubaliana ni la nani. Gari likaanza kupendeza, na ugomvi ukaanza siku hiyo.

Tulianza wakati wa kaskazi, jua kali na mvua hakuna. Kazi ya kwanza ilikuwa kuliosha, na simaanishi kuliosha ling'are. Kila kitu kinachofunguka kilifunguliwa: mazulia, viti, plastiki za milangoni, taa, raba. Kisha maji matamu yakamwagwa kila pembe, ndani ya matundu, juu na chini, tukaliacha likauke kabisa, tukaliosha tena. Sababu yake ni hii. Chuma huliwa kikikutana na maji na hewa, na chumvi hufanya mambo mawili ya kuongeza balaa. Kwanza, hurahisisha ule mkondo mdogo wa umeme unaoendesha kutu. Pili, hunyonya maji hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, na Mombasa kiwango hicho ni cha siku nyingi za mwaka. Maana yake gari lenye chembe za chumvi ndani ya milango linalowa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Unaweza kulifunika kwa turubai ukadhani umelihifadhi, kumbe umelifungia na unyevu wake. Mimi turubai nimeliondoa. Gari liko chini ya banda la makuti lililo wazi pande zote, upepo unapita, na upepo ndio unaolikausha.

Kule Mikindani lilikuwa chini ya mkungu. Mti huo una kivuli kizuri, lakini majani yake makubwa huanguka na kuingia kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale hewa ya ndani inapoingilia. Yakirundikana huziba matundu ya kutolea maji, maji yanasimama, yanakula bati kimyakimya hadi yapate njia ya kushukia sakafuni kwa dereva. Sisi tulitoa humo udongo mweusi ambao mbegu ya mkungu ilikuwa imeshaanza kuota. Chini yake hakukuwa na bati la kuokoa.

Fundi wangu wa bodi ni mtu mzima, amefanya kazi Shimanzi miaka mingi, na sote uani tunamwita Ami. Siku ya kwanza hakushika grainda. Alishika bisibisi kwa upande wa mpini, akawa anagonga gari taratibu kuanzia chini ya milango, akiinamisha kichwa.

"Sikiliza, mwanangu," akaniambia. "Ukisikia sauti ya chuma, pita. Ukisikia sauti bubu, weka alama ya chaki."

Tulipomaliza, gari lilikuwa na chaki nyingi kuliko rangi. Chini ya milango yote minne, pande mbili za bati linaloshika springi za mbele, sakafu upande wa dereva, chini ya mlango wa nyuma. Sehemu moja ya bawa la kulia ililia bubu lakini ilikuwa laini na nzuri kwa macho. Ami alipoikwangua tulikuta fila nene, ule ujazo wa kusawazishia bodi, na nyuma ya fila magazeti yaliyokunjwa, yameshindiliwa mle kuziba tundu. Ilikuwa kazi ya gereji moja ambayo mjomba aliilipa miaka iliyopita ili gari "liwe jipya". Nilikasirika kwa niaba yake. Alitoa jasho lake kulipia gari lake, akauziwa karatasi.

Hapo ndipo nilipopata msimamo ambao nautetea kwa kila anayeniuliza habari ya malipo. Kazi ya kutu mlipe fundi kwa siku. Kazi ya injini mlipane kwa mapatano. Injini ina vipande vinavyojulikana, mnaweza kukaa barazani mkapiga hesabu ya gaskiti na ringi mkakubaliana bei. Kutu haijulikani imefika wapi mpaka uikate. Fundi aliyepatana bei ya jumla, akikuta tundu ambalo hakulitarajia, kila saa anayolitengeneza inatoka mfukoni mwake. Hata mwaminifu atajaribiwa kulifunika. Anayelipwa kwa siku hana sababu ya kuficha. Ni kweli siku zikiwa nyingi pesa huuma, kwa hiyo sisi tulikwenda kidogo kidogo: mwezi wenye pesa Ami anakuja, mwezi mkavu nafanya mwenyewe yale ya msasa na brashi.

Kukata kulifuata. Kanuni ya Ami ni kukata hadi bati linalong'aa, kisha kuongeza upana wa vidole viwili. Kutu huwa imeshatangulia mbele ya pale jicho linapoiona. Vipande vipya alivikata kutoka bati la geji 20, akavikunja kwa mkono juu ya kipande cha reli, akavijaribisha mpaka vikakaa bila kulazimishwa. Kuchomelea alitumia mashine ya migi, kwa nukta, si kwa mstari. Anapiga nukta hapa, anahamia ng'ambo, anapiga nyingine, anapumzika. Bati jembamba likipata moto mwingi mahali pamoja hujikunja, na likishajikunja halirudi bila kujazwa fila, na fila ndiyo tuliyokuwa tukiikimbia. Kabla ya kukata sehemu za chini alitia vyuma vya mshazari ndani ya milango, kushika umbo. Bati la chini ya milango ndilo mgongo wa gari lisilo na chesisi ya kando. Ukilitoa lote bila kulishikiza, gari hulegea katikati, na milango haitafungika tena.

Kelele zilikuwa nyingi, na mtaa wetu nyumba zimeshikana. Nilikwenda kwa majirani mmoja mmoja kabla hatujaanza, tukakubaliana: grainda si kabla ya saa tatu asubuhi, hukoma kila adhana, na ikifika alasiri ya Ijumaa hakuna kazi. Mwezi wa Ramadhani tulifanya mambo ya kimya tu, kupanga bolti na kusafisha vipande. Nashukuru kwa heshima hiyo, maana baadaye majirani hao hao ndio waliosaidia kusukuma gari mvua ilipotushika.

Sasa niseme habari ya magadi, maana katika yote niliyojifunza hili ndilo linalomsaidia mtu asiye na pesa. Vipande vidogo vyenye kutu, kama bawaba, mabano ya bampa, vishikio vya betri, havihitaji kupelekwa kupigwa mchanga. Chukua karai la plastiki, jaza maji, tia magadi. Ya dukani ya kulainishia maharage hufanya kazi, yaliyosafishwa kiwandani ni bora zaidi. Kijiko cha supu kwa kila lita nne kinatosha. Tumbukiza kipande chenye kutu na kukifunga kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri. Upande wa chanya funga kipande cha chuma chakavu, kiwe majini bila kugusana na hicho kingine. Washa, uache kutwa nzima. Utaona mapovu madogo, na kutu inalainika hadi inatoka kwa brashi ya waya bila kula chuma chenyewe.

Yana masharti yake na naomba yashikwe. Yale mapovu ni haidrojeni, hushika moto, kwa hiyo fanya nje, mbali na jiko na sigara, na zima chaja kwanza kabla ya kugusa waya. Upande wa chanya usitumie sufuria wala kijiko kisichoshika kutu, kwa sababu kromiamu iliyomo hutoka ikawa sumu majini. Aluminiamu usiitie kabisa, magadi huila. Springi na bolti ngumu za breki nazo zisiingie, kwa kuwa haidrojeni hufanya chuma kigumu kivunjike. Na hapa kwetu kuna sharti la ziada: kipande kikitoka karaini, kisuuze, kikaushe juani, na praima, rangi ya msingi, ipigwe siku hiyo hiyo. Ukikilaza usiku kikiwa kitupu, asubuhi kimeshageuka rangi ya chungwa.

Praima yetu ni epoksi ya mikebe miwili. Wengi hapa hupaka redi oksaidi, ile praima nyekundu, kisha wakaliacha gari mwezi mzima wakisubiri pesa ya rangi. Redi oksaidi peke yake hupitisha unyevu. Inatulia machoni, na chini yake kazi ya kutu inaendelea. Epoksi ni ghali, naijua bei yake vizuri, lakini inamruhusu mtu wa kipato kama changu kusimama miezi bila kupoteza kazi aliyoifanya. Ndiyo maana gari letu ni la kijivu na halinitii wasiwasi.

Mwalimu wangu mwingine hajui gari. Ni mzee wa mtaani aliyefanya kazi ya majahazi bandari ya zamani, Mji wa Kale, na huja jioni kunywa kahawa tungu barazani kwetu. Siku moja alitukuta tukirudisha bolti za bampa, kavu, kama zilivyotoka kusafishwa. Alitutazama kwa muda, akauliza kwa upole, "Hizo mnaziingiza uchi?"

Akatueleza kuwa msumari mkavu haupigwi chomboni. Unavishwa pamba, pamba inanyweshwa mafuta, ndipo unapigiliwa ubaoni, ili maji ya bahari yasipate njia ya kuufuata. Mbao zenyewe zilikuwa zikipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na chini ya maji shahamu iliyochanganywa na chokaa. "Bahari haina haraka," alisema. "Inatafuta mahali ulipopasahau." Tangu siku hiyo hakuna bolti inayoingia kwenye gari letu bila grisi kwenye nyuzi zake na chini ya kichwa chake. Ziko bolti ambazo tumezifungua tena miezi baadaye kwa kazi nyingine, na zimetoka kwa spana ya kawaida bila kulalamika.

Yeye ndiye aliyetufanya tufikirie sehemu za ndani zisizoonekana, matumbo ya milango na yale ya chini ya milango. Rangi haifiki huko. Mafundi wengi hunyunyiza mafuta machafu ya injini. Mimi sikubaliani nayo, kwa kuwa mafuta yaliyokwisha kutumika yana asidi na maji yaliyotokana na moto wa injini. Tulitumia nta iliyoyeyushwa pamoja na mafuta mapya ya giaboksi, kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko wazi. Ikiwa bado vuguvugu tuliipuliza kwa mpira mwembamba mpaka ikachuruzika kupitia matundu ya chini. Matundu hayo tuliyazibua tena baadaye. Yanatakiwa yatoe maji, na gari nyingi hapa Mombasa zimeoza kwa sababu mtu mwema aliyaziba. Kazi hii hufanywa baada ya kuchomelea kwisha, maana nta na cheche havikai pamoja.

Masika ilipoingia nililiacha gari nje ya banda kwa makusudi, mvua ya Mei ilipige. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi hapa kwetu. Nilikaa ndani na tochi, nikitazama maji yanapopita. Mvua inaonyesha kinachofichwa na mpira wa bustani: mfereji wa paa upande wa kushoto ulikuwa umepasuka kwenye maungio, na maji yalishuka ndani ya nguzo ya katikati. Ami alipofika wiki iliyofuata tulijua pa kufungua.

Injini tuliishusha baada ya hapo, hali ya hewa ilipopoa wakati wa kusi. Nilidhani huku chumvi haifiki. Fundi wa injini, mzee mmoja wa Changamwe aliyezishika Peugeot tangu ujana wake, alifungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole, akaonja, akatema. "Maji ya kisima," akasema. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na maji ya mfereji hukatika, kwa hiyo dereva anayechemsha barabarani hujaza alichonacho. Hedi ya injini hii, kile kifuniko cha juu ya silinda, ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma, na kati yao yakipita maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayolipa. Pembeni ya matundu ya maji hedi ilikuwa imelika hadi karibu na ukingo wa gaskiti. Tuliipeleka ikajazwa kwa kuchomelewa kwa gesi ya argoni na kusawazishwa kwa mashine. Fundi wa kazi hiyo hakuharakishwa, na nilimlipa bila kupunguziwa hata shilingi.

Hapa kuna jambo la 504 ambalo fundi aliyezoea magari mengine anaweza asilijue. Silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku. Ni laina, yaani mabomba ya chuma, zinazosimama zenyewe, zimezungukwa na maji moja kwa moja, na chini zinakalia sili nyembamba. Hedi ikishatoka hakuna kinachozishika. Ukizungusha krenki, shafti inayosukuma pistoni, wakati huo, pistoni huinua laina, sili ya chini inaachia, na maji yanaingia kwenye mafuta. Utaona kwenye kijiti cha kupimia mafuta yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mzee wa Changamwe, kabla hata hajaiweka hedi chini, alizifunga laina kwa bolti na washa pana. Baadaye alipozirudisha alipima kwa fila geji, kile kipimo cha bapa nyembamba, jinsi kila laina inavyochomoza juu ya bloku, sehemu ndogo ya milimita, akabadilisha sili za chini mpaka zote nne zikalingana. Kuchomoza huko ndiko kunakobana gaskiti. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba laina zikichakaa hubadilishwa zote pamoja na pistoni, bila kuchonga bloku. Ni injini iliyoundwa ili itengenezwe tena.

Alinionyesha pia kuwa silinda namba moja kwa Peugeot huhesabiwa kutoka upande wa flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, si upande wa feni. Moto unakwenda 1, 3, 4, 2. Anayechanganya hesabu ya kitabu na mazoea ya Toyota huenda akarekebisha vali ya silinda nyingine. Na feni yenyewe ni ya sumaku: swichi ya joto ndiyo inayoiamuru ishike au iachie. Yetu mtu alikuwa ameifunga kwa bolti izunguke daima, kama zilivyofungwa nyingi. Tumeirudisha kama kiwanda kilivyokusudia.

Kwa kweli ushauri niliosikia kuliko wote mwaka huu ni kutia injini ya Toyota. Wanaonishauri wananitakia mema. Spea ni rahisi, petroli hupungua, kila fundi anaijua. Sikubali. Ukitoa injini hii lazima ubadilishe giaboksi, na kwa 504 propela shafti imo ndani ya bomba lililofungwa giaboksini mbele na kwenye difu, gia za ekseli ya nyuma, kwa hiyo mfupa wote wa gari unabadilika. Unabaki na bodi ya Peugeot iliyovishwa gari lingine. Mimi nataka lile lile alilopandia mama yangu siku ya harusi yake. Spea nazo zipo. Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kuna maduka ambayo bado yana gaskiti na ringi, na basi la usiku linakuletea kifurushi asubuhi. Pikapu za 504 bado zinabeba mizigo bara, na sehemu nyingi za mbele zinaingiliana. Injini sasa inaungurumia juu ya stendi yake ya mbao uani, na maji inayokunywa ni ya mvua ya masika tuliyoyakinga, yamechanganywa na kuulenti, dawa ya rejeta.

Breki hazina mengi: mabomba mapya yote, mipira mipya, drumu za nyuma zimechongwa. Niseme tu kwamba mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo kopo lililofunguliwa likakaa miezi kwenye banda la Mombasa si la kutiwa garini.

Rangi inasubiri, na inasubiri kwa sababu. Wakati wa vuli mwenzangu mmoja alipiga rangi gari lake Kisauni siku yenye mawingu, na bodi nzima ikafuka weupe. Thina inaporuka haraka hupoza bati, unyevu wa hewa unageuka maji juu ya rangi mbichi. Kompresa nayo hukamua maji hewani, yakatoka na rangi yakiwa matone, ndiyo maana tumenunua kichujio cha maji kabla hata ya kuchagua rangi. Ami anataka kaskazi ikolee, anga safi, na kazi ianze asubuhi jua likishapanda na kukausha umande, isipite alasiri. Rangi itakuwa ile ile ya maziwa iliyokutwa chini ya matabaka yote ndani ya buti, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuipaka upya.

Kinachofuata kabla yake ni nyaya. Sehemu zote za ati, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, zimekuwa kijani kwa chumvi, na nimeanza kuzifungua moja moja, nazikwangua hadi shaba, nazipaka grisi kabla ya kuzibana. Raba ya kioo cha mbele imeshafika kutoka Nairobi. Ami atakuja Jumamosi kupiga praima ya mwisho kwenye mfereji wa chini ya kioo, upepo ukiwa mtulivu.